Ugomvi Wetu wa Injini Haujaisha

Baba Winfrida wangu,

Watu huanza barua kwa kuulizana hali. Yako naijua, na yangu ndiyo inayonishinda kueleza, basi tupavuke hapo. Nyumba ipo, paa halivuji, cherehani inafanya kazi. Mvua zimeanza, na ile njia ya kuingilia gerejini kwako imekuwa tope kama kila mwaka. Nakula, nalala, naamka. Watu wakinipa pole nawaambia nimeshapoa, na si uongo. Nimepoa kweli, kama ugali wa jana.

Sikulia ulipokufa. Kama huko mnapata habari basi hiyo imeshakufikia, maana wifi yangu Kolumba, dada yako, aliitangaza kutoka Mjimwema mpaka Peramiho. Mke gani huyu, alisema, ana macho makavu kama jiwe la kunolea kisu. Wanawake waliokaa nami mkekani walikuwa wananitazama kwa pembeni, na mmoja akanifunga upya kanga kichwani, labda akidhani kilichozuia machozi ni kanga. Nilijaribu, Baba Winfrida. Nilikumbuka mambo ya kuliza, nikayapanga moja baada ya jingine, na yote yakapita. Nilikuwa nasikia kiu tu. Niliomba maji kila mara, hadi Kolumba akasema hata hiyo kiu ni dharau.

Nakuandikia kwa sababu ya gari. Ungekuwepo ungesema nilijua tu.

Kenge bado yuko pale uani chini ya turubai. Juzi nililifunua, nikakaa juu ya debe nikalitazama, nikakumbuka siku lilipoingia. Lilikokotwa na trekta kutoka kambi ya wajenzi wa barabara. Yule mhandisi wa Kizungu alikuja nalo toka kwao, gari la michezo la zamani kuliko ndoa yetu, milango miwili, viti viwili, pua ndefu na tumbo linalokaribia kugusa ardhi. Alijaribu kulifufua akashindwa, mkataba wake ukaisha, akakuachia wewe kwa kuwa ndiye fundi pekee uliyelitazama bila kucheka. Mimi nilicheka. Lilikuwa na rangi ya kijani iliyopauka, limelala chini na mdomo wake mrefu, na watoto wa mtaani wakaliita Kenge hata kabla halijafunguliwa mnyororo. Ulikasirika. Haukupita muda, nawe ukawa unasema, "Ngoja nikamwone Kenge."

Tangu tuoane tulikuwa tumegawana magari ya watu namna hiyo: wewe mbele na chini, mimi ndani. Malori ya mahindi, pikapu za mapadri, teksi zilizochoka, wewe unalala chini ya injini na mimi nashona viti. Kwa hiyo la kwetu nalo ulinipa viti kwanza. Nilikifumua cha dereva taratibu, maana ngozi yake ilikuwa imekauka na inavunjika. Ndani kabisa ya mshono, pale ambapo hakuna abiria atakayeona maisha yake yote, mtu aliyekishona alikuwa amerudisha uzi nyuma, kisha akaufunga kwa fundo dogo la pembeni. Hivyo ndivyo ninavyofunga mimi. Nilifundishwa na mama yangu, na mama yangu hakufika kiwanda chochote. Nikakuita uje uone. Ulikuja ukifuta mikono, ukainama, ukasema mshono mzuri, ukarudi kwenye injini yako.

Ugomvi wetu ulianza hapo, ingawa wewe hukujua. Nilisimama na kile kipande cha ngozi mkononi nikasema gari hili litarudi kama lilivyotoka kiwandani. Kila kitu chake. Kabureta zake mbili za kulipimia mafuta, hata ikibidi kuzitafuta, usukani wake mwembamba, bampa za kromu, hata ile saa isiyotembea. Mtu aliyelitengeneza alijua alichokuwa anafanya, na sisi hatukutumwa kumsahihisha. Ukiona vyaelea vimeundwa, nilikuambia, nawe ukacheka ukasema hicho chako hakielei, kiko juu ya matofali.

Wewe ulitaka injini mpya. Ulikuwa umeshaipata ile ya Kijapani kutoka kwenye gari dogo lililogongwa, ile ambayo mafuta yake yanapimwa na kompyuta, ukailaza juu ya godoro kuukuu na kuifunika kama mgonjwa. Ulitaka breki za diski badala ya zile za ngoma. Ulitaka usukani wa kuzungushwa kwa kidole. Ulitaka kiyoyozi, Baba Winfrida, kiyoyozi, Songea hii ambayo mwezi wa sita tunalala tumejigubika mablanketi na bado unanigandishia miguu yako.

"Gari ni mwendo," ulikuwa unasema. "Lisilotembea ni kabati."

Nikakujibu kwamba kabati letu angalau lina nguo ndani. Ukaniita mwanamke wa makumbusho. Nikakuambia kipya kinyemi, ingawa kidonda. Ukasema kabureta zile hata nikizipata zitanisumbua kila baridi ikizidi, na kwamba aliyeziunda angepewa kompyuta siku ile angezitupa mwenyewe. Hilo lilinikera kuliko yote, maana sikuwa na njia ya kumuuliza. Ukienda mjini kutafuta bolti, mimi nazirudisha bampa ulizozifungua. Ukirudi unazifungua tena, unaziegemeza mlangoni kwa cherehani yangu, zimefutwa vumbi. Hukuwahi kuziweka chini kwenye tope.

Na uliapa kwamba likikamilika tutakwenda nalo mpaka Nalasi kumwona Winfrida wetu shuleni anakofundisha, mimi na wewe, vioo vimefungwa kwa sababu ya hicho kiyoyozi, tukipita Namtumbo watu wasimame kutuangalia. Nilikuuliza: tukifika Nalasi na injini ya gari jingine, na breki za gari jingine, na usukani wa gari jingine, kitakachokuwa kimefika ni nini?

"Sisi," ukasema.

Siku ile nilisingizia maharage yanaungua, nikaenda jikoni.

Majirani walidhani tunagombana. Unakumbuka jumuiya ilivyotujia? Mwenyekiti wetu na wazee wenzake watatu, wamevaa mashati ya Jumapili siku ya kazi, wamekuja kutupatanisha kabla ndoa haijafika kwa paroko. Walikaa, wakasali, wakauliza kwa huruma jambo lenyewe ni nini hasa. Mimi nikasema ni kabureta. Wewe ukasema si kabureta peke yake, kuna na breki. Mwenyekiti akauliza mwanamke wa nje ni nani, akijua tunamficha. Tukamfungulia turubai. Tuliwaandalia chai na mihogo ya kuchemsha, na chai haijaisha wenyewe wakawa wamegawanyika, wawili upande wako na wawili upande wangu, wakapandishiana sauti hadi kuku wakahama uani. Jumapili iliyofuata hawakupeana mikono vizuri kwenye kutakiana amani, na sisi wawili benchi la nyuma tulikuwa tunaminyana vidole tusicheke.

Sikuwahi kukuambia kwamba hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu. Wengine wana mengine. Sisi, mtoto akishakwenda zake, mahindi yakishavunwa, tulikuwa na Kenge. Na maneno yakizidi mbele za watu nilikuwa na namna yangu ya kuyafunga. Nilikuwa nasema, "Tutaongea nyumbani." Nilisema hivyo hata kama tuko nyumbani, na wewe ulikuwa unacheka puani, unaendelea na spana yako.

Kisha ukaanza kukonda. Ovaroli ikakupwaya, ukaongeza mkanda, ukasema ni kazi. Tulipofika hospitali walikulaza siku hiyohiyo.

Nilikuja asubuhi moja na uji wa ulezi kwenye chupa. Ulikuwa umeegemezwa mito, umegeukia dirisha. Nilitaka kukuchangamsha, basi nikakuchokoza. Nikakuambia nimempata mtu Dar es Salaam mwenye kabureta zile zenyewe, za asili, na anazituma kwa basi. Nilikuwa nakutegea. Hapo nilijua utainuka, utasema jambo la makumbusho, utakohoa, nesi atakuja kunifukuza.

Ukanitazama, ukasema: "Sawa, Mama Winfrida. Lirudishe lilivyokuwa. Nimekubali."

Nikakuambia acha upuuzi. Nikakuuliza, na breki? Ukasema hata breki. Na usukani? Huo pia. Kiyoyozi je? Ukatabasamu, ukasema hata hicho, Songea baridi bwana. Ulinipa vyote, kimoja kimoja, kama mtu anayegawa nguo zake. Kisha ukaomba uji.

Nilitoka nje kwenye bomba nikaosha bakuli. Likatakata, nikaliosha tena. Mwanamke mwingine alikuwa amesimama na ndoo yake akingoja bomba. Nilifiwa pale, Baba Winfrida, wewe ukiwa bado unapumua. Daktari aliponiita baadaye, kijana mpole, akanikalisha na kuanza kunizungukia kwa maneno mazuri, nilimwitikia kila neno na moyoni nikawaza kwamba huyu amechelewa. Mume wangu ameshaniambia mwenyewe. Tangu bombani pale kitu kilizimika ndani yangu, na ulipokata roho hakikuwepo cha kuzima tena. Kolumba hajui hayo. Sijamwambia, atasema mimi ni mwanamke wa kulilia vyuma.

Tulikupeleka kwenu Maposeni. Sasa nikueleze ya mazishi, maana ulikuwepo ila hukuyaona.

Watani wetu Wabena walikuja kama ada, na aliyewaongoza ni Anyesi, yule mama wa viazi pale sokoni, ambaye hajawahi kukuuzia kiazi bila kukuita mjukuu wa wezi wa ng'ombe. Nilikuwa nimekaa ndani na wanawake. Nikasikia kicheko kinatoka nje, kikasogea, mlango ukafunguka. Anyesi alikuwa amevaa ovaroli yako. Ilimbana, vifungo havikufika, katia spana mfuko wa nyuma, anaburuta mguu wa kushoto kama wewe. Alisimama mlangoni akakohoa kile kikohozi chako cha kabla ya kusema jambo usilotaka nilisikie.

"Mama Winfrida," akasema, "ile injini naiingiza kesho."

Watu walivunjika mbavu. Hata Kolumba alifunika mdomo. Na mimi nikajibu.

"Huingizi," nilisema. "Nikiwa hai huingizi."

Sikuwa natania. Kwa muda huo mfupi nilikuwa nimesahau kwamba uko sebuleni ndani ya sanduku, nimesahau msiba wote ule, nilikuwa nimekasirika tu. Na hasira ile ilikuwa tamu. Ndicho kitu cha kwanza nilichokisikia mwilini tangu bombani. Wenzangu walicheka zaidi wakidhani mjane kachangamka, hasira ikanyauka, na nikarudi kwenye kiu yangu.

Anyesi hakuniacha. Mtani akishaona pa kushika, unamjua. Tulipofika makaburini alikuwa ameshatutangulia, kajilaza ndani ya kaburi lako, ovaroli imejaa udongo mwekundu, mikono kifuani.

"Sizikwi," akasema kutoka kule chini, "mpaka nimalizane na mke wangu."

Baba yako mdogo akasogea kumkomboa kwa kitu kidogo kama ilivyo desturi. Akakataa. Wakamwongezea jogoo. Akauliza jogoo huyo naye wamemwiba kwa Wabena? Watu wakacheka, na yeye akasema hataki kitu, hataki mzee, anamtaka mwenye nyumba yake. Nije niseme kwa kinywa changu kwamba injini inaingia, ndipo atoke. Katekista alikuwa amefungua kitabu na kukifunga. Mawingu yalikuwa yamejikusanya upande wa Peramiho, na waliobeba sanduku walianza kubadilishana mabega.

Kolumba akaniinamia sikioni. "Wifi, sema tu sawa. Ni utani."

Shemeji yangu naye, yule mdogo wako: "Mlongo, dada yangu, mvua ile. Sema tu."

Sawa ni neno dogo. Wewe ulilisema ukiwa huna nguvu ya kushika kijiko, mimi ningeshindwaje nimesimama kwa miguu yangu? Lakini lilinikwama. Nikilisema, tutakuwa tumekubaliana wote wawili, wewe umenipa yangu na mimi nimekupa yako, na watu waliokwisha kukubaliana kila kitu wamebakiza nini zaidi ya kufukia? Watu wote walikuwa wananingoja. Nikasogea hadi ukingoni, nikamtazama Anyesi ndani ya ovaroli yako.

"Tutaongea nyumbani," nikasema.

Hakuna aliyecheka. Waliotufahamu waliinamisha vichwa, na wageni wakafuata. Anyesi alibaki amelala kidogo anatazama mawingu, kisha akanyoosha mkono ili avutwe. Alipotoka nikaona analia, mtani mzima, ambaye kazi yake siku ile ilikuwa kutuchekesha. Aliivua ovaroli, akaikung'uta udongo, akaikunja vizuri na kuniwekea mikononi. Mimi sikulia. Tulikuzika, mvua ikanyesha tukiwa njiani kurudi.

Na nyumbani sikuongea.

Arobaini ilipita. Kabureta zikafika kwa basi, zimefungwa kwenye magazeti, safi, zenyewe kabisa. Zamani ningezilaza kitandani upande wako ili ukija kulala uzikute. Niliziweka kwenye rafu. Nikamalizia viti, maana kazi ya mikono haimngoji moyo. Nikatafuta ngozi ya rangi ileile, uzi uleule, nikarudisha nyuma na kufunga fundo la pembeni. Vimetoka vizuri mno, siwezi kujinyima sifa hiyo. Nikakaa kwenye cha dereva nikashika ule usukani mwembamba. Nikawa mtu aliyekaa ndani ya gari, basi. Nilikaa mpaka mgongo ukauma, nikashuka kuangalia maharage.

Mafundi wenzako walikuja, wakaniamkia, wakasema wako tayari kunisaidia bure kwa heshima yako. Injini zote mbili zilikuwa pale sakafuni, ile ya kiwandani na ile yako ya Kijapani juu ya godoro lake. Wakaniuliza, "Tufunge ipi, mama?" Nikasema nitawaambia. Wakaja tena, nikasema nitawaambia. Wanadhani siwezi kuamua. Kumbe uamuzi ulikuwa umeshatolewa, nimeshinda, nina ruhusa yako mwenyewe, na nilikuwa sijui niifanyie nini. Nikifunga yangu, nimeipokea ile sawa yako. Nikifunga yako, nimekupa kwa huruma, na huruma ni kitu ulichokuwa unakichukia hata kwenye chakula; nikikupakulia nyama nyingi ulikuwa unaniuliza nimevunja nini. Basi nikalifunika turubai, na mimi nikawa hivyohivyo, nimefunikwa.

Wiki hii Winfrida amekuja likizo. Amenenepa kidogo, Nalasi wanamlisha korosho. Ana kichwa chako na mdomo wangu, kwa hiyo walimu wenzake tuwaombee. Alizunguka gerejini, akatoka uani akalifunua gari, akapima kwa viganja pale injini inapokaa, akapima na nyuma kwenye tangi. Tulipokaa jikoni kumenya viazi akasema amekuwa akifikiria.

"Mama, mimi naona hizo injini mtoe zote mbili," akasema. "Tuweke umeme."

Nikamuuliza umeme gani. Akanitolea simu akanionyesha. Kuna watu huko duniani, Baba Winfrida, wanachukua magari kama Kenge, wanayatoa matumbo yote, wanajaza betri. Unachaji ukutani au kwa sola juu ya bati. Hakuna petroli, hakuna kabureta, hakuna kompyuta yako ya mafuta, hakuna moshi. Nje linabaki lilevile, alisema, kwa hiyo mama umeridhika, na ndani ni la kisasa kabisa, kwa hiyo baba ameridhika. Alisema hivyo akiwa amefurahi, kama mtu aliyeleta dawa. Akamalizia na sifa kubwa: halitatoa sauti hata kidogo.

Halitatoa sauti! Nikasikia damu inanipanda hadi masikioni. Nikatupa kisu kwenye beseni nikageuka. Niligeukia mlango wa gerejini, pale unapoegemea ukifuta mikono kwa kitambaa, na uso wangu ulikuwa umeshatengeneza lile swali: unamsikia mwanao? Kwa maana kwa mara ya kwanza tangu gari lile liingie uani, mimi na wewe tungekuwa upande mmoja. Ungekataa wewe, ningekataa mimi, tungemkalia mtoto huyu kooni mpaka asubuhi. Nilikuhitaji unisaidie. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kukuita.

Palikuwa na mlango, na mikanda ya feni uliyoitundika mwenyewe msumarini.

Nikalia, mume wangu. Si kile kilio cha mkekani walichokuwa wananingojea. Nililia kama mtoto aliyenyang'anywa kitu, kwa hasira, kamasi zinanitoka, nikipiga goti langu mwenyewe kwa ngumi. Niliumia kila mahali. Winfrida akaogopa, akadhani ni yale mabetri yake yameniumiza, akaitupa simu, akanishika.

"Basi mama, basi. Sawa, tusiweke. Sawa, mama."

Nikamkamata mkono. "Usiniambie sawa," nikasema. "Usithubutu. Bisha."

Akanitazama. Sijui alielewa nini, ila ni mtoto wako. Alivuta kigoda akakaa mbele yangu, machozi yanamtoka na yeye, akajifuta kwa mkono wenye maganda ya viazi.

"Haya," akasema. "Ukienda Tunduru vijijini mvua ya mwezi wa tatu, hayo mafuta yenu mtayajazia wapi?"

Nikamjibu. Akanipinga. Viazi vilichelewa, tukala giza likiwa limeingia zamani na hatukuwa tumekubaliana hata jambo moja.

Sitakudanganya kwamba nimepona. Kesho yake niliamka nimepoa tena kama kawaida, na leo hivyohivyo. Lakini niliahidi mbele ya watu kwamba tutaongea nyumbani, na hapa ni nyumbani, basi nisikilize.

Breki nimekupa. Nimelala nikifikiri, na wewe ulisema kweli: yule mtu wa kiwandani hakuijua miteremko yetu wala tope letu, na ndani ya gari lile atapanda Winfrida. Weka diski. Hapo umenishinda kwa hoja, hukunishinda kwa kufa, na nataka ulijue hilo. Kiyoyozi, hapana. Usukani, hapana. Na injini, hapana kabisa. Mafundi wanakuja Jumatatu na ninawaambia wafunge ya kiwandani na kabureta zake. Ila si kwa ruhusa yako. Ile sawa ya wodini nakurudishia, uliitoa ukiwa mgonjwa, na mimi sichukui kitu cha mgonjwa. Nazifunga kwa sababu naona nina haki. Wewe bado una yako. Injini yako iko juu ya godoro lake na imefunikwa, sijamwambia mtu yeyote kwamba inauzwa.

Kila Jumapili wanakutaja kanisani, wanakuombea pumziko la amani, na mimi naitikia amina pamoja na wenzangu. Pumzika, mume wangu, kutokana na kazi, na maumivu, na ule mguu wa kushoto. Lakini kwenye hili la injini, nakuomba, usipumzike.

Mkeo asiyekubali,
Mama Winfrida